Umependeza Mno Kusaidiwa

Juzi, nikiwa katika ofisi ya wakfu wa familia moja hapa Mji wa Kale, unaowalipia karo watoto wa maskini, mama mmoja alimleta bintiye kupigwa picha ya kutumiwa wafadhili. Sare ilikuwa imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Karani akawatazama, akaguna.

"Mama, hivi nani ataamini mna shida? Mrudishe, aje na nguo zake za kila siku."

"Mwanangu, viatu tumeazima kwa jirani," mama akamjibu karani. " Ofisini kwa watu tuje na matambara?"

"Ndiyo, matambara."

Binti akainama kuvua viatu. Mamake akamshika mkono. "Vaa. Twende zetu, hata kama hutasoma."

Ukutani zimejaa picha za watoto wenye sare zilizochanika. Sasa najua walirudishwa nyumbani kwanza.