Sinia za Hitima ya Baba

Moshi wa makumbi ya nazi na harufu ya mikate ya mofa ndivyo vilivyoniamsha siku ya hitima ya baba, kijijini kwetu Baleni, enzi za Mdachi. Baba mkubwa alikuwa amekuja kutoka Unguja, na jana yake alimwambia mama bila kumung'unya maneno: "Shemeji, nitaiangalia shughuli ya kesho. Ukinitia aibu mbele ya watu, watoto wa marehemu naondoka nao."

Mwalimu Haji, aliyetusomesha Kurani na hesabu za mirathi chuoni, ndiye aliyesimamia chakula. Mikate sitini na samaki arobaini na wanane, mmoja kwa kila mgeni, walikuwa jamvini. Sinia zote zilitakiwa zilingane, kisibaki kitu, maana kwetu mgeni huchungulia sinia ya jirani, na aliyepunjwa atalisema jambo hilo mpaka mwakani. Akaniita mimi. "Tafuta vigawo, mwanangu." Nikachora mchangani: mbili inagawa vyote, tatu nayo, nne nayo, sita nayo. "Sita, Mwalimu." Akatikisa kichwa. "Sinia sita zitalingana, lakini watu wanane watabanana kwenye sinia moja kama kuku kwenye tenga. Nataka kigawo kikubwa kuliko vyote." Mama alikuwa mlangoni, kauma upindo wa kanga. Nikajaribu nane, mikate ikakataa. Kumi, samaki wakakataa. Kumi na mbili: mikate mitano, samaki wanne, hakikubaki kitu. Nikapanda juu zaidi, hakuna iliyokubali.

Wageni walikula wanne wanne, wakashiba, wakaomba dua. Ndiyo kwanza naanza kupumua, baba mkubwa akauliza nani aliyegawa. Mwalimu akaninyooshea kidole kwa fahari. "Basi huyu si wa kuachwa shamba," akasema baba mkubwa. "Shemeji, wewe baki na mdogo wake. Huyu nakwenda kumsomesha." Mama alilia bila sauti. Niliporudi Baleni, tayari mwalimu mtu mzima, nilionyeshwa kaburi lake.

Leo wanafunzi wangu wana ubao na chaki, na kigawo kikubwa cha shirika wanakipata upesi kuliko nilivyokipata mimi. Wao wanaogopa kukosea. Mimi humwogopea yule anayenyoosha mkono na jibu sahihi.