Mchele wa Luberizi Niliousifu

Watu wa Bukavu tuna majivuno mawili ya mezani: kwamba sambaza, dagaa wa ziwa letu, hawana mfano, na kwamba hata tukifumba macho tunautambua mchele wa Luberizi, kule bondeni, kwa harufu. La kwanza ni kweli. La pili nusura limpeleke mwanamke mmoja mahali ambapo watu huulizwa maswali na hawarudi mapema.

Niliandika makala. Nimefika umri ambao wanaume wa hapa hununua shamba au huanza kuongoza sala parokiani. Mimi, niliyesomea chuo kikuu mambo yasiyolisha mtu, naandika juu ya chakula cha wengine. Nililinganisha miji ninayoijua kwa tumbo. Kigali, nilisema, unakula mandhari kwanza, sahani inafuata baada ya saa nzima. Bujumbura samaki ni mtamu, lakini muziki unakula pamoja nawe. Goma wana viazi na jibini, na hawakuachi usahau. Bukavu ina mikahawa ya bustanini ambako sisi wenye shahada huenda kuonekana, na ina chumba kimoja Nyawera, nyuma ya soko, chenye meza nne na pilau ya mama mmoja Mwislamu wa Uvira, ambaye mababu zake walifika na biashara kutoka pwani. Waislamu ni wachache kwetu, na Wakatoliki wenzangu hupita mbele ya mlango wake kana kwamba ng'ambo yake ni nchi nyingine. Nilitaka waingie. Nikamalizia hivi: "Njia ya bondeni imefungwa, lakini mchele wa Luberizi bado unafika kwa maman huyu. Msiulize vipi. Kuleni."

Msiulize vipi! Mwaka huu, wanaoshika mji na wanaoshika bonde si jeshi moja, na anayepitisha hata kilo moja katikati yao huulizwa amebeba salamu za nani.

Niliituma kwenye kundi la simu la mtaa wetu siku ya Jumatano. Alhamisi ikanirudia kutoka kwa binamu yangu, aliyetumiwa na mtu asiyemjua. Sifa zikamiminika, nami nikazinywa zote. Ijumaa asubuhi rafiki niliyesoma naye akaniandikia mstari mmoja: "Hapo pa mchele, ulipafikiria?"

Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilibaki nimeinama. Nikafuta ujumbe kwenye kundi, ingawa maji yakimwagika hayazoleki, na nikaenda Nyawera kwa miguu. Niliogopa hata kumtajia dereva wa pikipiki ninakokwenda.

Nilikwenda kumwonya. Nilikuta wanaume wawili wameshakaa, wamevaa mabuti ya raba ya hao wanaoshika mji, mmoja ameweka simu mezani. Maman alikuwa anawamiminia maji ya kunawa.

"Karibu, Papa Mwalimu," alisema kwa sauti ya kila siku. "Hawa wageni wanakutafuta. Nawa."

Mkubwa wao akageuza simu nione. "Ni wewe uliandika hii?"

"Mugeni anakula kwanza," maman akamkatiza. "Kwetu hata washenga hawasemi neno mbele ya kula."

Cha ajabu, wakakubali. Tukala. Nilitafuna karafuu nzima nisiisikie. Mabuti ya yule mkubwa yaligusa mguu wangu chini ya meza, na sikuthubutu kuuondoa.

Alipomaliza alijifuta vidole kimoja kimoja. "Sasa. Huu muchele unatoka Luberizi?"

"Muulize yeye," maman akasema. "Yeye ndiye mujuzi wa muchele."

"Mwalimu. Iko ya Luberizi, ao hapana?"

Niliona majibu mawili. Ndiyo, na huyu mama anakuwa mpenyeza bidhaa, labda jasusi. Hapana, na mimi nakuwa mwongo. Naona haya kusema kwamba nilisita. Si sana, muda wa kumeza mate tu, lakini nilisita.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kujua. Niliandika tu."

"Ulidanganya."

"Nilijipamba."

Maman akaingia jikoni, akatoka anaburuta gunia lenye maandishi ya kigeni na picha ya ndege mwekundu, limefika nusu. "Tangu njia ifungwe napika huu. Uko ku kila duka ya Nyawera. Ule wa Luberizi uliisha zamani."

Kijana wao akacheka. "Kumbe université inafundisha kusoma, haifundishi kutafuna."

Yule mkubwa hakucheka. Alizamisha mkono ndani ya gunia, akaacha punje zimwagike kati ya vidole, akapiga picha. Kisha akasimama. "Chakula iko muzuri," alisema. "Tutarudia." Mpaka leo sijui ni neno lipi kati ya hayo liliniogopesha zaidi.

Walipotoka, maman alibaki ameshika mdomo wa gunia. Akaufunga fundo, akaufungua, akaufunga tena.

"Papa, ulitaka kunisaidia."

"Ndiyo, maman."

"Basi nisaidie tena. Andika chakula yangu haina ladha. Muchele wa gunia, nyama ngumu, mutu asipoteze wakati. Na uandike muzuri, kama ile ya kwanza."

"Wateja watapungua."

"Wakipungua, nitapika kidogo. Mimi nikipungua, nani atapika?"

Niliandika siku ileile. Ilisambaa haraka kuliko sifa. Kitu kibaya huwa hakichoki njiani.

Sasa nakwenda kila Ijumaa. Meza tatu kati ya nne ni tupu. Jirani mmoja aliniona nikiingia akanitania: "Mwalimu, si hapo ulisema pabaya?" Nikamjibu kwamba natimiza kitubio cha dhambi zangu, akaridhika. Mabuti yakisikika nje, mwiko wa maman unasimama ndani ya sufuria na kijiko changu kinasimama hewani. Yakipita, tunaendelea. Hajawahi kuniuliza pilau ikoje, wala mimi sijawahi kusema.