Barafu ya Mjomba

Mbeba sampuli wetu alikuwa na pikipiki, kisanduku cha baridi na maringo. Damu, mkojo, makohozi, vyote vilinifikia maabara vikiwa baridi, na kwa miaka kumi na moja hakuvunja hata kichupa kimoja. Ukimsifu kidogo tu, anakupa hotuba nzima ya barafu. Nikamwita Bwana Barafu, naye akafurahi, eti kapata cheo.

Maji ya uti wa mgongo hakuwahi kuyabeba. Hayo huletwa na muuguzi mwenyewe, mfukoni. Siku hiyo muuguzi alikuwa peke yake zamuni, na mgonjwa ni mpwa wa mbeba sampuli, binti wa miaka sita, homa inawaka na shingo imekakamaa. Mjomba mtu akapewa kichupa, akapaa nacho. Nilikipokea mbiombio. Kwenye fomu pana mahali pa kuandika sampuli imesafiri vipi. Nikaandika "sawa", kama siku zote, bila kuuliza.

Chini ya darubini sikuona mdudu. Nikayapaka maji kwenye sahani za kuoteshea, nikaziweka kwenye kabati la joto. Siku ya pili hakikuota kitu. Siku ya tatu vilevile. Binti alikuwa anapata nafuu kwa sindano za kuua bakteria alizoanzishwa siku ileile, na daktari akasema kama hakuna bakteria basi ni virusi, sindano zisimame, mtoto aende nyumbani.

Mbeba sampuli akaja kusikia majibu kwa masikio yake. Nikamweleza kwamba ama wadudu hawakuwemo, ama walikufa njiani, maana hawa wa uti wa mgongo baridi huwamaliza upesi. Nilisema tu, mdomo wangu hauna breki.

Akakaa kwenye stuli.

"Niliweka barafu," akasema. "Nilijaza mpaka juu. Nilisema huyu ni wetu, sampuli yake isiharibike."

Nilimkasirikia, sitasema uongo. Kisha nikaikumbuka fomu. Nyani haoni kundule. Angenyamaza, nani angejua? Barafu ilishayeyuka, na "sawa" ile ilikuwa mwandiko wangu. Hili la baridi nililijua mimi, na miaka yote hiyo sikumfundisha. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hapa kingekuwa cha mtoto. Nikaipiga mstari "sawa" yangu, nikaandika "barafu", nikatia sahihi, tukaenda kwa daktari pamoja. Hakufoka. Alisema sahani zile hazithibitishi chochote, kwa hiyo sindano ziendelee mpaka siku zitimie.

Kwa dada yake, mama wa binti, mbeba sampuli aliomba aende mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni mwa wodi, aibu imenijaa. Dada mtu alishafunga mizigo na kumvisha binti viatu. Akamsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha akainama, akaanza kulegeza kamba za viatu.

Binti akauliza kwani hawaendi.

"Muulize mjomba wako," mama akasema.

Mjomba akachuchumaa mbele yake, akamwambia.