Yatima Mwenye Baba na Mama

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwanafunzi wa sekondari Salamabila. Niliishi kwa mama mdogo kwa sababu kijijini kwetu shule iliishia kwenye msingi. Baba yangu alikuwa mkulima, na mihogo na karanga zake ndizo zilizonisomesha.

Wasichana wote wa darasa letu tulimpenda mwimbaji mmoja kijana wa Kinshasa. Nyimbo zake tuliziimba hata tukichota maji. Tulipoambiwa anakuja kuongoza kampeni ya kuwatoa watoto kwenye mashimo ya dhahabu, nilifua iniforme yangu ya shule na kuipiga pasi ya makaa hadi ikasimama yenyewe.

Watu wa kampeni walimtangulia. Walitupanga uani, wakatutazama nyuso, wakanichagua. Nilidhani nitampa mwimbaji maua. Wakanipeleka kwenye kijito ambako wachimbaji wanaosha mchanga, na mama mmoja wa kampeni akanipa gauni lililochanika.

"Vua iniforme, vaa hii."

"Lakini miye sifanye kazi ya shimo, mama."

"Tunajua. Ni kwa kusaidia wale wenye kuifanya."

Akanipaka matope mashavuni. Mwimbaji alipofika, walimpa kitambaa anipanguse uso huku wanapiga picha. Hakuwa amenizidi hata miaka mitatu.

"Cheka kidogo," akaninong'oneza. "Na miye wananiambia tu cha kufanya."

Halafu akapanda gari. Jina langu hakuuliza.

Baada ya miezi kadhaa afishi zikatoka, zile karatasi kubwa za matangazo. Sura yangu ilibandikwa kwenye ukuta wa soko la Kasongo, ikafika hadi Nyangwe. Chini yake waliandika kwamba mimi ni yatima wa machimbo, na kwamba sasa nimepata tumaini.

Nilikuwa nyumbani likizo siku shangazi, dada ya baba, alipotokea kutoka Nyangwe. Tulimsikia akilia tangu barabarani, juu ya pikipiki, kitenge cha msiba kimefungwa kiunoni. Baba alikuwa kibarazani akimenya karanga. Shangazi alipomwona alinyamaza, akaketi mavumbini, kisha akaanza kumtukana.

"Nimekulilia njia yote! Walinisomea kwenye afishi, mutoto wako ni yatima! Nikasema, basi kaka yangu walimuzika bila kuniita!"

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Mama alitoka jikoni akauliza, "Na miye? Wameniua na miye?" Aliepua chungu cha sombe motoni, akaingia ndani, na siku hiyo hakula.

Baba alikwenda Kasongo hadi ofisi ya kampeni, nami nikamfuata. Kijana aliyetupokea alimwachia baba kiti, akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mzee, watu wanaguswa zaidi na yatima. Usiwaharibie watoto wengine musaada."

"Miye niko hai," baba alisema. "Mama yake iko hai. Mutoto huyu nimemusomesha kwa jembe. Mukiniondoa miye, nani amemusomesha?"

Kijana akatazama simu yake. Tulipotoka, baba alikwenda sokoni akabandua ile afishi kwa kucha. Wauzaji wakamzomea: tazama mzee mwenye roho mbaya, hapendi watoto wasaidiwe! Sijawahi kumwona mzee wangu akiwa mdogo vile.

Nilimaliza shule, nikawa mwalimu. Matope yale hayakutoka. Mchumba wangu wa kwanza alirudi nyuma kwa sababu mama yake aliikumbuka picha. Mama huyo alisema msichana wa machimbo amepita mikononi mwa wengi. Nilimwambia sikuwahi kushika sururu. Akaniuliza kwa nini basi nilikubali kupigwa picha. Huwezi kumweleza mkwe kwamba ulikuwa unampenda mwimbaji.

Baba alikufa kwa homa, katika msimu wa mvua, barabara ya hospitali ikiwa imekatika. Mama anaamini mpaka leo kwamba ile karatasi ndiyo iliyomwita. Mimi siamini, lakini sibishani naye.

Mwaka jana watu wa kampeni walirudi kunitafuta. Mwimbaji sasa ni mtu mzima, walisema, na anataka picha mpya pamoja nami, watu waone maisha yangu yalivyobadilika. Mama aliwapa maji ya kunywa. Mimi nikakataa. Walishukuru, wakawasha pikipiki, na kabla ya juma kwisha nikasikia wamepata msichana mwingine Lusangi anayefanana nami.