Ukuta wa Nyuma ya Studio

Leo fundi anapaka mlango wangu rangi ya mafuta, na harufu yake imenirudisha kwenye studio moja ya Korogwe ya zamani, ambako mapazia ya kupigia picha yalichorwa kwa rangi kama hiyo. Moja lilikuwa na ndege ya abiria, jingine ghorofa lenye ngazi na maua. Mama alinivalisha gauni la Idi, tukatoka Magoma asubuhi kwenda kupiga picha ya kumpelekea baba, aliyekwenda machimboni akawa kimya.

Mimi nilitaka ndege. Nilikuwa nimeshashika pindo la pazia, gumu kama ngozi iliyokauka.

"Mama, simama kwenye ghorofa," mpiga picha alisema. "Wanaopeleka picha mbali wote wanalipenda."

"Akiona ghorofa atadhani tunaishi vizuri," mama alijibu. "Tupige kule nyuma."

Nyuma kulikuwa na ukuta wa udongo uliobomoka hadi fito zikaonekana. Tukasimama mbele yake. Nililia kwa ajili ya ile ndege. Siku nyingine mama angenifuta uso kwa kanga. Siku ile aliniacha nilie.

Baba hakurudi. Lilirudi begi lake, nikiwa mtu mzima. Picha ilikuwa ndani ya pochi, imelainika kwa kushikwashikwa. Mimi na mama tumo, machozi yangu yapo palepale. Ukuta haumo. Baba aliukata wote kwa mkasi, taratibu, akizunguka hadi pindo la kanga ya mama.