Konveta Niliyomchagulia Maman

Mimi ni fundi wa giaboksi, na kiburi changu chote kiko huko. Mtu akiniambia sijui kupika, nacheka. Akiniambia konveta niliyofunga haifai, tunagombana. Basi leo ngoja nijiseme mwenyewe: konveta niliyomfungia yule mzee tunayemwita Papa, wa Koekelberg huku Ubelgiji, haikufaa, na nilijua haifai.

Papa ni Mbelgiji mstaafu. Alifundisha hesabu Bukavu, kisha kwetu Bujumbura, akaoa mwalimu mwenzake huko huko, ndiye tunayemwita Maman. Mpaka leo wakigombana wanagombana kwa Kiswahili ili majirani wasielewe. Alileta kwenye gereji yetu ya Evere gari la Kimarekani la miaka ya sitini, silinda nane, alilolifufua mwenyewe kipande kwa kipande. Lilifika likivutwa: injini ilikuwa imeshafungwa upya, imebaki kuunganishwa na giaboksi ya otomatiki.

"Mutoto yangu," akasema, "konveta uchague weye. Chagua kama ya kwako."

Konveta ni lile bakuli la chuma lililojaa mafuta, linalokaa kati ya injini na giaboksi. Ipo inayoshika mapema: ukikanyaga kidogo tu, gari linaondoka taratibu. Ipo inayochelewa: injini inanguruma kwanza, mizunguko inapanda, halafu inashika na gari linaruka. Hiyo ni ya watu wa mashindano. Kuchagua si uchawi. Unaangalia kemushafti, ule mhimili unaofungua vali za injini, uzito wa gari na meno ya difu, kisha unauliza: nani ataendesha, na wapi?

Swali hilo sikuliuliza. Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mwanamume hachunguzwi habari za mkewe. Unasema, "Nyumbani hawajambo?" Anajibu, "Hawajambo." Mlango umefungwa. Nami nikauliza hivyo hivyo, naye akajibu, "Ah, nyumbani, bon... Maman anangoja hii gari sana." Akasita, kama mtu anayetaka aulizwe zaidi. Nikaona heshima ni kunyamaza. Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu utotoni, na bado nikanyamaza.

Lakini nisijifiche nyuma ya heshima. Kemushafti ya gari lake ilikuwa ya kiwandani, tulivu kabisa. Kila kitu kwenye gari lile kilidai konveta inayoshika mapema. Ila mimi nilitaka kuisikia ile injini ikinguruma! Si amesema nichague kama ya kwangu? Nikaagiza ile inayochelewa. Wallahi, nilipoijaribu nyuma ya gereji nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikalipeleka gari mpaka mlangoni kwao, nikampa Papa ufunguo, nikarudi kwa basi huku napiga mluzi.

Jumapili yake Papa akanipigia simu, sauti chini. Nilikuta gari limepanda ukingo wa barabara karibu na kanisa la Basilika, pua imebonyea kwenye nguzo ya chuma. Hakuna aliyeumia. Kwenye usukani, bado ameushika kwa mikono miwili, alikuwa Maman.

Ndipo nikaambiwa. Macho ya Papa yamekwisha, hasomi hata namba ya basi. Gari alilimalizia ili Maman amwendeshe, wawe wanatoka wawili. Maman alikuwa hajashika usukani miaka mingi, akapiga moyo konde, akaanza tena. Kwenye taa akakanyaga kidogo, gari halikuondoka. Nyuma wakapiga honi. Akaongeza mafuta, konveta ikashika, gari likaruka.

"Mutoto yangu," Maman akaniuliza, "ni gari, ao ni mie?"

Lo! Swali jepesi kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja. Papa naye akanigeuzia uso, akingoja.

Nikasema, "Gari ni zima, Maman. Labda mguu ulizidisha kidogo."

Nimesema mengi ya kipumbavu maishani, lakini hayo nayasikia nikitawadha, nayasikia nikiwa ndani ya tramu. Nililivuta gari mpaka gereji, nikanyoosha bampa, nikaitoa konveta ile na kuweka iliyostahili tangu mwanzo. Sikumwambia mtu. Gari likawa linaondoka kwa upole, hata bibi kizee angelishika kwa kidole. Nikawarudishia, nikamsihi Maman ajaribu, hata mpaka kona tu.

Akatikisa kichwa. Leseni alikuwa ameshairudisha ofisi ya komuni. Papa alikaa kando yake, mikono juu ya magoti. Gari walikuwa wameamua kuliuza.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo niliufungua kabisa. Maman akaniwahi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Unisamehe, mutoto yangu," akasema. "Ulifanya kazi ya muzuri, mie nikaiharibisha."

Nikamjibu, "Si kitu, Maman."