Ile Picha Ilitoka?

Kilichoniondoa Mhunze ni aibu. Nilikuwa nimenunua kamera ya mtumba, nikaenda nayo Shinyanga mjini kwa Dada Zuhura, mwenye studio, anifundishe. Alipozipitia picha zangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mwalimu! Ng'ombe, pamba, machweo. Machweo, pamba, ng'ombe! Ng'ombe hakulaumu ukimharibu. Nenda kapige watu usiowajua, sura kumi, uniletee."

Kisha akanihesabia kwa vidole, mimi niliyezoea kuwahesabia watoto wa watu. Mwanga uangukie uso wa mtu, usiwe mgongoni kwake. Viwiko vibane mbavuni ili mikono isitikisike. Na usiondoke kabla mwenye sura hajaiona sura yake. Hilo la tatu nililiona la kupotezeana muda tu. Wewe uliyenunua kamera juzi, usiwe mjinga kama mimi.

Jumamosi ya kwanza ya likizo, alfajiri, nilipanda basi. Tulipita Tinde, tukapita Isaka, na mimi nikipiga kila kitu kupitia dirishani: mbuzi, malori, wauza mahindi. Kahama niliposhuka kubadili gari nikazitazama. Zote zilikuwa ukungu, na katikati ya kila moja kulikuwa na kivuli cha kilemba changu kwenye kioo. Nikazifuta moja moja huku nikijisonya.

Saa tisa alasiri nilifika Bugarama kwa Mama Neema, niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anawapikia wachimbaji wadogo nje kidogo ya mji. Alinikumbatia, akarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, Mwalimu! Na hilo jidude shingoni?"

"Kamera."

"Litie kwenye mkoba! Huku ukielekeza hicho kitu kwa mtu kabla ya salamu, atajua umetumwa. Kesho wasalimie kwanza, wale washibe, ndipo ulitoe."

Jumapili, saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye kibanda chake nikigawa chai na viazi. Maduara, yale mashimo wanayoshukia kutafuta dhahabu, yalikuwa hatua hamsini tu kutoka jikoni. Karasha zilikuwa zinasaga mawe kwa kelele za kuziba masikio, na vumbi jekundu lilikuwa limetanda kila mahali. Nikasalimia, wakala, wakashiba. Mmoja aliposikia natoka Mhunze aliruka kutoka kwenye benchi, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mwalimu! Mimi wa kwenu! Naitwa Masanja."

Kwao hakuzidi nusu saa kwa baiskeli kutoka shuleni kwangu. Tukacheka, tukataniana, nami nikaitoa kamera mkobani. Akavaa kofia yake ngumu akasema, "Basi nipige moja nzuri. Iwe ya msiba."

Nusura niangushe birika. "Toa uchuro wako hapa! Asubuhi yote hii?"

Hakutabasamu. "Sikutanii. Kaka yangu Mabula alifukiwa huku. Picha aliyokuwa nayo ni ya kitambulisho tu, wakaikuza wakaiweka juu ya jeneza. Macho nusu, mdomo wazi, utadhani kakamatwa na mgambo. Mama mpaka leo ameifungia sandukuni, hataki kuitazama. Mimi nataka yangu aitundike ukutani. Nitampigia simu kabla sijashuka shimoni, nimwambie yupo mwalimu wa Mhunze ana kamera."

Nilitaka yaishe haraka, aondoke na maneno yake. Tena, nikiri ukweli wote, jua lilikuwa nyuma yake na lile vumbi lilikuwa linang'aa kama dhahabu yenyewe, nami nikalipenda vumbi kuliko mtu. Nikabonyeza mara moja.

"Nione," akasema.

"Nitakuonyesha jioni. Nenda kazini, mwenzangu."

Akaenda.

Saa saba mchana nilikuwa naosha sahani. Sikusikia kishindo chochote. Nilichosikia ni karasha kunyamaza, moja, ya pili, zote. Mama Neema akauacha mwiko ndani ya ugali akatoka mbio. Matimba, ile miti inayozuia kuta za shimo, yalikuwa yamevunjika, na udongo umeziba mlango wa duara. Ndani walikuwa watu watatu. Mmoja wao Masanja.

Sijawahi kuona watu wakichimba namna ile. Sururu, ndoo, sufuria, mikono mitupu. Hakuna aliyepiga kelele isipokuwa msimamizi, kila baada ya muda, akiwataka wanyamaze wasikilize kama kuna anayegonga chini. Mimi nilibeba ndoo za udongo mpaka viganja vikachubuka.

Saa tisa Mama Neema alinijia na simu mkononi.

"Mama yake Masanja. Habari zimeshafika huko. Anauliza kama ile picha ilipigwa."

Mungu wangu! Mtoto yuko chini ya ardhi, na mama anauliza picha. Nikaifungua kamera. Anga ilikuwa nzuri mno. Vumbi lilikuwa zuri mno. Na chini ya ile kofia, mahali pa uso, palikuwa na giza tupu. Nikaivuta karibu, nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Giza likawa jivu, basi. Hapakuwa na jicho, hapakuwa na pua. Niliketi chini palepale kwenye udongo nikalia kwa sauti.

"Nimwambie nini?" Mama Neema akauliza.

"Mwambie ilipigwa," nikasema. Hata sasa naona haya kuliandika hilo jibu.

Saa kumi na nusu msimamizi aliinua mkono. Walikuwa wanagonga. Jua likiwa bado juu walitolewa wote watatu, mmoja amevunjika mguu, na Masanja mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Watu walipiga vigelegele, wengine walipiga magoti.

Kwenye zahanati Masanja alisafishwa, akapewa maji, akanywa, akatapika, akanywa tena. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Mwalimu. Ile picha ilitoka?"

Ningeweza kudanganya mara ya pili. Nikampa kamera.

"Mbona huyu hana macho?"

"Nisamehe, Masanja."

"Kwa hiyo hii ndiyo mama angepewa?"

Akaingiza miguu kwenye kandambili, akajikongoja hadi mlangoni, mahali mwanga wa jioni ulipokuwa unaingia. "Kofia sivai. Haya."

Nikabana viwiko. Nikapumua. Nikabonyeza, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa: "Tena, nimekunja uso." Nikampiga picha mara tano, hadi aliporidhika akanishukuru kwa Kisukuma, "Huyu ndiye mimi. Wabeja, Mwalimu."

Jumatano, nikiwa njiani kurudi, nilipita kwa Dada Zuhura, akaisafisha ile picha na kuitia kwenye fremu. Hakuuliza zile tisa nyingine ziko wapi. Alhamisi asubuhi nilifika kwa baiskeli hadi nyumbani kwa mama yake Masanja.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu." Akaipokea kwa mikono miwili, akampapasa mwanawe mashavuni kwa kidole gumba. "Ni ya msiba hii?"

"Hapana, mama. Ni ya ukutani tu."

Tukaitundika. Alikaa kwenye kigoda akiitazama, kisha akanigeukia na kufunga upya kitambaa chake kichwani.

"Sasa nipige na mimi. Yangu ndiyo iwe ya msiba."

Safari hii sikumwambia atoe uchuro.

"Sawa, mama," nikasema. "Geukia mlangoni, mwanga ukuone."

Nikapiga, nikamsogezea kamera aone. Akaitazama, akainua uso.

"Tena," akasema. "Sijacheka."